Mwanangu anang'ang'ania kuwa 6 × 14 ni 64

Shikamoo Mwalimu,

Naandika nikiwa nimechoka. Binti yangu yuko darasa la nne, shule ya serikali hapa Morogoro. Si mtoto mzito. Kusoma anasoma vizuri, kujumlisha na kutoa hana shida, na tebo ya pili, ya tano na ya kumi anaziimba hata akiwa anaosha vyombo. Kuanzia tebo ya sita ndipo anapoanza kuangalia dari.

Mwezi huu mwalimu wao ameanza kuwafundisha kuzidisha kwa kuvunja namba. Kwenye daftari lake kuna mfano walionakili ubaoni: 6 × 14 = 6 × (10 + 4) = (6 × 10) + (6 × 4) = 60 + 24 = 84. Ameunakili vizuri, hata koma haijapotea. Lakini mpe swali lake mwenyewe, tuseme 7 × 13: anaandika 7 × 10 = 70, anajumlisha 3, jibu 73. Hata ule mfano wenyewe nikiufunika kwa mkono nikamwambia aufanye upya, anapata 64. Nimemwambia, "Sita inazidisha na hiyo nne pia." Anaitikia "ndiyo mama", kesho yake tunarudi kwenye 64.

Juzi kaja na jipya. "Mama, si tulifundishwa MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa? Mabano kwanza. Sasa 10 + 4 ni 14, kwa hiyo tunarudi kulekule kwenye 6 × 14. Mwalimu anatuzungusha tu." Nikakosa la kumjibu, maana hata mimi niliona kama anasema kweli.

Baba yake ni fundi seremala, hesabu za vipimo anazifanya kichwani. Yeye anasema hayo mabano ni kupotezeana muda. Mtoto aandike namba moja juu ya nyingine, azidishe, aweke akiba, basi. Akikaa naye hivyo mtoto anapata majibu, halafu akienda shule anakosolewa kwa sababu swali lilisema avunje namba. Jumapili nyumba ilikuwa kelele mpaka mtoto akalia. Na upimaji wa darasa la nne nao unakuja.

Jirani ananishauri nimpeleke tuisheni ya jioni. Hela ni ya kubana, ila ikibidi nitaitoa. Nimweleweshe vipi mtoto wa miaka kumi habari hii ya mabano? Nani yuko sahihi, mwalimu au baba? Na tuisheni nimpeleke, au nisubiri?

Mama Aliyechoka na Mabano, Morogoro

Marahaba mwanangu,

Lile swali la MAGAZIJUTO limenifurahisha kweli. Mtoto aliyeshindwa na hesabu hanung'uniki kwamba mwalimu anamzungusha. Anakaa kimya na kunakili. Huyo wako anafikiri. Nitalijibu, lakini tuanze na 64.

Jibu hilo halitoki kwenye uzembe. Tazama maandishi kwa macho ya mtoto: 6 × 10 + 4. Sita imekaa karibu na kumi, imeshikana nayo kwa alama ya kuzidisha. Nne iko ng'ambo ya alama ya kujumlisha. Kwa hiyo anaizidisha kumi, kisha anaipokea nne kama kitu kilichosalia. Wewe unamwambia sita inazidisha na nne pia, naye anakubali kwa sababu ni mama kasema, si kwa sababu ameona. Amri ya namna hiyo hailali hadi asubuhi. Inabidi aione ile nne ikijirudia mara sita mbele yake.

Basi daftari liwekeni kando. Tafuteni vizibo vya soda. Vikikosekana, maharage yatafaa. Usianze na 6 × 14, ni kubwa mno kwa mkeka. Anza na 3 × 7. Mwambie apange mistari mitatu, kila mstari vizibo saba, vilivyonyooka juu kwa chini kama wanafunzi paredi. Ahesabu vyote: 21. Sasa chomoa chelewa moja kwenye ufagio, uilaze kutoka juu hadi chini, katikati ya kizibo cha tano na cha sita, ikate mistari yote mitatu. Muulize, "Nimeongeza kitu? Nimepunguza?" Atasema hapana. "Kushoto kuna nini?" Mistari mitatu ya vitano, 15. "Na kulia, kuna mistari mingapi?"

Hilo la mwisho ndilo swali lenyewe, na hapo unyamaze. Usimjibie hata akichelewa. Atahesabu na kusema mitatu. Mistari mitatu ya viwili-viwili, ndiyo sita. 15 na 6 ni 21, ileile ya mwanzo.

Kisha mpe chelewa aisogeze mwenyewe. Akiiweka baada ya kizibo cha nne atapata 12 na 9. Baada ya cha sita, 18 na 3. Mwache aicheze hadi achoke. Watoto wengi wanadhani namba ina mahali pamoja tu pa kuvunjika, kwa sababu ubaoni 14 huvunjwa kuwa 10 na 4 siku zote. Akishaona chelewa inatua popote na jumla haibadiliki, 14 anaweza kuivunja kuwa 7 na 7, akasema 42 na 42, ni 84. Asikatazwe. Kumi tunaipenda kwa sababu ni nyepesi kuzidisha, hakuna sababu nyingine.

Jioni ya pili, mpe kosa lake alipange kwenye mkeka. Mwandikie 3 × 5 + 2. Ataweka mistari mitatu ya vitano, kisha vizibo viwili pembeni, pengine mwisho wa mstari wa kwanza. Muulize, "Hii ni mistari mitatu ya saba?" Mstari wa kwanza una saba, wa pili na wa tatu umeishia kwenye tano, na pengo analiona. Usitumie neno "umekosea". Mwache akajazie mwenyewe vile vinne vilivyopungua.

Vizibo vikishamkaa, hamieni kwenye daftari la hesabu lenye vijumba. Achore mstatili wa vijumba 6 kwenda chini na 14 kwenda kulia, apige mstari baada ya kijumba cha kumi. Chumba cha kushoto aandike 60 katikati, cha kulia 24. Usidhani kuchora ni kumdekeza. Euclid, yule Mgiriki wa Aleksandria wa miaka kama 300 kabla ya Kristo, alilithibitisha jambo hilihili kwa mistatili: katika kitabu cha pili cha jiometri yake, hoja ya kwanza kabisa inasema ukikata upande mmoja wa mstatili vipande, mstatili mzima ni sawa na ile midogo ikijumlishwa. Kama mchoro ulimtosha yeye, binti wa darasa la nne asiharakishwe kuuacha.

Halafu kuna hesabu ya hela, ambayo mtoto haidanganyi. Bibi ana wajukuu sita. Sikukuu kila mmoja anampa noti ya 1,000 na sarafu ya 200. Bibi aondoke nyumbani na shilingi ngapi? Kwa njia ya binti yako itakuwa 6,000 na 200, jumla 6,200. Muulize hiyo mia mbili kapewa nani, na wale watano wengine wameambiwaje. Hapo hutahitaji kufundisha, atateta mwenyewe: lazima wote wapate! 6,000 na 1,200, ni 7,200. Akishateta hivyo, rudini palepale kwenye 6 × 14 na umuulize ile nne wangapi wameipata. Mabano yasitajwe mpaka awe anasema kwa mdomo wake, "kumi mara sita, na nne mara sita." Ndipo umwambie mabano ni namna ya kuandika hayo aliyosema.

Sasa MAGAZIJUTO. Mwambie wazi kwamba yuko sahihi: mabano kwanza, 10 + 4 ni 14, na 6 × 14 ni 84. Njia hiyo haina kosa lolote, ila imemrudisha kwenye swali ambalo lilimshinda. 14 tuliifungua sisi wenyewe kwa kusudi, kwa sababu 6 × 14 hanayo kichwani, lakini 6 × 10 anayo na 6 × 4 anaifikia. Kuifunga tena ni halali, haisaidii tu.

Na MAGAZIJUTO hiyohiyo ndiyo itakayoikataa 64. Mwandikie mistari miwili, mmoja chini ya mwingine:

6 × 10 + 4
6 × (10 + 4)

Kila mmoja aufanye kwa MAGAZIJUTO kamili. Wa kwanza hauna mabano, kuzidisha kunatangulia kujumlisha: 60 + 4, ni 64. Wa pili una mabano: 6 × 14, ni 84. Ni sheria yake mwenyewe aipendayo, na imetoa majibu mawili. Muulize ni upi kati ya hiyo miwili unaosema 6 × 14. Mtoto mpenda sheria kama huyu atayashika mabano kuanzia siku hiyo, maana ameona yakidondoka jibu linageuka.

Jambo dogo la mwandiko: ule mfano wa ubaoni una alama za sawasawa nne kwenye mstari mmoja, unamchosha mtoto kabla hajafika mwisho. Aandike kwenda chini, kila hatua mstari wake, alama za sawasawa zikiwa zimepangana. Hakuna mwalimu atakayemkosoa kwa hilo.

Kuhusu baba watoto, naona mnagombana bure. Siku akiwa na mbao mkononi, muulize mtoto akisikia: vipande sita vya sentimita 95, jumla ngapi? Fundi hatatafuta kalamu. Nina hakika atakwambia mia sita toa thelathini, 570. Mwulize thelathini imetoka wapi. Kila kipande kimepungukiwa tano, na vipande ni sita. Basi keshafanya 6 × (100 − 5), mabano na kila kitu, bila kuyaandika.

Ile njia yake ya wima nayo ni hiyohiyo. 14 juu, 6 chini. Sita mara nne 24, andika 4, weka akiba 2. Sita mara moja sita, ongeza akiba, 8. Jibu 84. Lakini ile "moja" ni kumi moja, kwa hiyo amezidisha 6 × 10. Na akiba ya 2 ni makumi mawili yaliyotoka kwenye 24. Amejumlisha 24 na 60, ila kaanzia kulia na kaficha hatua mbili. Mwombe akimfundisha ataje mamoja na makumi kwa majina yake, "nne mamoja mara sita, kumi moja mara sita", na mtoto atagundua mwenyewe kwamba baba na mwalimu wanasema kitu kimoja.

Ukinibana nichague, kwa sasa nipo upande wa mwalimu. Njia ya wima ni ya haraka, nami sina ugomvi nayo, lakini mtoto aliyeanza nayo huweka akiba bila kujua anaweka nini, na siku akiisahau ile 2 hana namna ya kustuka kwamba jibu limepungua. Baba avumilie wiki chache. Wima itakuja, na itakuja nyepesi. Na swali likisema "kwa kuvunja namba", ivunjwe.

Tebo ya sita na kuendelea isikunyime usingizi. Ulisema ya pili, ya tano na ya kumi anaziimba, na kwa hizo tatu anaweza kuzifikia zote. Sita ni tano na moja: 6 × 8 ni 40 na 8, ndiyo 48. Saba ni tano na mbili: 7 × 8 ni 40 na 16, 56. Tisa ni kumi kasoro moja: 9 × 7 ni 70 toa 7, 63. Nane ni kumi kasoro mbili: 8 × 7 ni 70 toa 14, inarudi 56. Sisemi aache kukariri. Akizifikia hivi mara nyingi zitakaririka zenyewe, na siku ikimtoka kichwani ana pa kupitia badala ya kuangalia dari. Ila chunga kwenye kutoa. 9 × 7 anaweza kuanzia 70 akatoa 1, akasema 69. Ni 64 ileile imebadili nguo. Mrudishe kwenye mkeka: mistari kumi ya saba, aondoe mstari mmoja mzima, ahesabu ni vizibo vingapi vimeondoka mkononi mwake.

Baadaye atakutana na 12 × 13, ambapo namba zote mbili zinavunjwa. Wengi hufanya 10 × 10 na 2 × 3, wakapata 106. Akifika huko mchoro utamwokoa, kwa kuwa mstatili ukikatwa juu kwa chini na kushoto kwa kulia unatoa vyumba vinne: 100, 30, 20 na 6, jumla 156. Nakutajia ili ujue linakuja, si ili umfundishe leo.

Tuisheni subiri kwanza. Tatizo lake ni moja, mnalijua, na linahitaji mtu wa kukaa naye robo saa jioni akimuuliza maswali na kunyamaza. Kwenye kundi la tuisheni, uwezekano mkubwa ni anakili ule mfano upya kwa kalamu nyingine. Fanyeni haya jioni tatu nne kwa wiki, yasizidi robo saa, na siku akiwa amechoka muache. Kuhusu upimaji, usiutaje kila mkikaa. Anaujua, shuleni wanautaja vya kutosha.

Kuna hali moja ambayo ningekutaka uchukue hatua zaidi. Ukimpangia mistari mitatu ya saba, akawa kila mara anahesabu kizibo kimojakimoja hadi 21 na haoni kwamba ni saba, na saba, na saba, basi shida haiko kwenye mabano. Haijamwingia bado kuzidisha ni nini, na hapo anza na makundi madogo, mawili ya tatu, matatu ya nne, kabla ya kuvunja chochote.

Kwa vyovyote nenda ukamwone mwalimu wake wa hisabati, na usiende na maneno ya baba. Nenda na daftari, mfungulie kwenye 64 na 73, umweleze mnachofanya nyumbani na vizibo, umuulize kama kuna wengine darasani wanaoiacha nyuma ile namba ya pili. Sidhani kama atakutajia mmoja tu.